Shemeji anataka kuifungua giaboksi, gereji wanataka kuitupa

Mshauri, shikamoo.

Nimechoka kusikiliza ushauri, na bado naja kwako kuomba mwingine. Gari langu ni la otomatiki, gia 6, la mwaka 2014, na limeshatembea kilomita 168,000. Injini yake nzima, haili oili, bodi haina kutu. Nafanya kazi ya zamu za usiku na ninatoka saa ambazo usafiri wa kuaminika haupo, kwa hiyo gari hili ndilo miguu yangu.

Tatizo lilianza taratibu. Likiwa limepoa, hakuna kitu. Likishapata moto, nikiweka D linatulia kwanza, kisha linashtuka ndipo linaondoka. Baadaye likawa likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inanguruma, mshale unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Mwisho taa ya injini ikawaka na gari likagoma kupanda gia. Nilifika nyumbani kwa gia moja, polepole, taa za tahadhari zikiwaka. Rivasi inaingia mpaka leo. Tangu siku hiyo limeegeshwa.

Gereji niliyoita walichomeka mashine yao, wakasoma P0700, wakaniambia, "Giaboksi imekufa, dada." Dawa, walisema, ni kuweka nyingine nzima. Wanazo za aina mbili: iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la ajali, au iliyokarabatiwa kiwandani, ambayo bei yake inakaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe. Nilipouliza kama hii yangu haiwezi kutengenezwa walicheka. Eti giaboksi za siku hizi hazitengenezwi, zinabadilishwa.

Sasa, mdogo wake mume wangu ni fundi. Magari yetu yote yamepita mikononi mwake na hajawahi kututoza zaidi ya pesa ya spea. Anasema wale ni wezi. Yeye ataishusha, ataifungua, atabadilisha pleti za klachi na sili za kuzuia oili isivuje, na nitalipa kama robo ya bei yao. Kwa injini na breki ninamwamini kabisa. Ila sijawahi kumwona na giaboksi ya otomatiki mezani, na nilipomuuliza kama amewahi kufungua ya aina hii alinijibu, "Giaboksi ni giaboksi, shemeji." Nikimnyima kazi hii, maneno yatakuwa mengi. Mama mkwe ameshaniuliza kwa nini nahangaika na watu wa nje wakati fundi yuko ndani.

Mume wangu yeye anasema tuliuze. Tufute hiyo taa, tulioshe, mnunuzi aje asubuhi alijaribu kabla halijapata moto. Mimi roho yangu haitaki. Na kila tukizungumza lazima aseme kwamba nimeiua mwenyewe kwa kutobadilisha oili. Mshauri, kitabu cha gari kimeandika wazi kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Nilimwonyesha ukurasa. Akasema mwenye akili angebadilisha.

Pesa niliyo nayo ni akiba niliyoiweka kwa ajili ya ada ya mwanangu. Inatosha jaribio moja. Nikikosea, sina ya kurudia. Je, nitengeneze au nibadilishe? Na shemeji nimwambie nini?

Abiria wa Lazima

* * *

Marahaba, mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ambapo mtu aliinua gari akaangalia oili. Sijapaona. Gereji wamekwambia ubadilishe, shemeji yako amekwambia ufungue, mume wako amekwambia uuze, kila mmoja kwa uhakika wake, na wote watatu wanazungumzia chombo ambacho hakuna aliyekichungulia. Ndiyo maana swali lako, nitengeneze au nibadilishe, naona limekuja mapema kidogo. Linadai jibu kabla hatujajua kilichoharibika ni nini.

Tuanze na hiyo P0700, kwa sababu ndiyo iliyoitwa cheti cha kifo. Namba hiyo ni tarishi tu. Kompyuta ya giaboksi inapoona hitilafu, inaitumia kompyuta ya injini ujumbe kwamba kuna tatizo huku, washa taa. Ujumbe huo ndio P0700. Tatizo lenyewe limeandikwa kwingine, ndani ya kompyuta ya giaboksi, kwa namba nyingine, na mashine ndogo za bei nafuu mara nyingi haziifikii. Ikisomeka P0733, maana yake gia ya tatu haitoi uwiano inaotakiwa kutoa, yaani huenda kuna kuteleza. Ikisomeka P0753, kompyuta inalalamikia umeme wa solenoidi, yaani kivalvu kinachofunguliwa na kufungwa kwa umeme, na hapo chanzo kinaweza kuwa waya au soketi iliyoingia oili. P0868 inazungumzia shinikizo la oili lililo chini. Hizo ni bili zinazotofautiana sana, na zote zinaweza kumwasha huyo huyo P0700. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa yeyote atakayeligusa gari lako ni namba zote zilizomo kwenye kompyuta ya giaboksi, ziandikwe kwenye karatasi kabla mtu hajafuta chochote.

Na kule kukwama kwenye gia moja hakumaanishi kufa. Magari ya siku hizi yametengenezwa hivyo makusudi: kompyuta ikipoteza imani na inachokiona, inaifungia giaboksi kwenye gia moja ili ufike nyumbani bila kuharibu zaidi. Rivasi kuingia nayo inasema kitu. Pampu bado inasukuma oili, na si kila klachi iliyomo ndani imeisha.

Unaniambia likiwa baridi ni zima, likipata moto linateleza. Hapo ningependa ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo pesa yako ilipo. Ndani ya otomatiki ya gia kama yako kuna mafungu ya pleti za klachi, na kinachozibana ni shinikizo la oili. Oili hiyo inagawiwa na valvu bodi, bamba lenye vijia vingi vyembamba, na solenoidi ndizo zinazofungua na kufunga vijia hivyo kwa amri ya kompyuta. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi. Kama sili zimekakamaa, au tundu za valvu zimelika, au solenoidi imechoka, au oili yenyewe imepungua tu, shinikizo linavuja, klachi haibanwi sawasawa, na injini inanguruma bila gari kwenda. Lakini pleti zenyewe zikiwa zimekwisha, nazo zitaleta dalili kama hiyo hiyo. Dereva aliye kwenye kiti hawezi kutofautisha, na hata fundi hawezi kwa kusikiliza.

Anayeweza ni yule atakayeinua gari. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Kina cha oili hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kwenye joto maalumu, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 50 za Selsiasi, kwa kufungua kizibo cha upande. Kisha sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, inashushwa. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku za ndani ni uchakavu wa kawaida, asikutishe mtu nao. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika, au oili nyeusi inayonuka kuungua, ni habari nyingine. Oili ikiwa ya rangi ya maziwa yenye wekundu, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, na hapo hata uweke giaboksi mpya kabisa, bila kubadilisha rejeta umeitupa. Baada ya hapo wapime shinikizo kwa geji, wakague soketi na waya, na wapime betri pia. Kompyuta hizi zikikosa umeme wa kutosha huanza kuandika makosa ambayo hayapo.

Lipia uchunguzi huu peke yake, kama kazi inayojitegemea, na matokeo uyapate kwa maandishi. Ni pesa, najua, na akiba yako haina nafasi ya mchezo. Ila anayekuchunguza bure anatarajia kulipwa na kile atakachokuuzia.

Tuseme sasa umepata majibu.

Ikiwa ni solenoidi au valvu bodi na pleti bado hazijaungua, kwenye giaboksi nyingi kazi hufanyika kutokea chini, kwa kushusha sampo, bila giaboksi kutoka kwenye gari. Hatari yake ni kwamba vipuri hivi mara nyingi vinahitaji kuprogramiwa na giaboksi kufundishwa upya jinsi ya kubadili gia. Fundi anaweza kuweka kipuri kizima, akakosa programu, gari likarudi linashtuka kuliko mwanzo. Muulize mapema hiyo kazi ataifanya kwa kifaa gani.

Ikiwa pleti zimeungua, hapo ndipo ovaholi inapokuja, yaani kuifungua yote na kuijenga upya. Na hapa mpango wa shemeji yako, kama ulivyoniandikia, unanipa wasiwasi, bila kumvunjia heshima. Pleti na sili peke yake? Pleti haziungui bila sababu. Kama kilichoziunguza ni valvu bodi inayovujisha shinikizo, pleti mpya zitaungua vilevile, na safari hii kwa pesa ya ada. Torki konvata, chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia oili, nayo imechomelewa pande zote, haifunguki ikasafishwa kwa petroli mezani. Uchafu wa klachi iliyoungua hubaki humo. Kipoza oili na mabomba yake hivyo hivyo. Ovaholi inayoruka vitu hivyo inaweza kuwa ya bei nafuu siku ya kwanza tu. Halafu kuna vipimo. Nafasi kati ya pleti hupimwa kwa sehemu za milimita kufuatana na jedwali la giaboksi hiyo hiyo, na kazi inataka meza safi. Ile kauli yake ya giaboksi ni giaboksi ina ukweli fulani kwa zile za kukanyaga klachi kwa mguu. Kwa hii yako sina hakika nayo.

Lakini na hao waliocheka wakasema hazitengenezwi, waulize: hiyo iliyokarabatiwa kiwandani ni nini kama si giaboksi mbovu ya mtu mwingine iliyofunguliwa ikatengenezwa? Usemi wao unakaribia ukweli zaidi kwa zile zisizo na gia za hatua, zinazotumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mkanda ukishachimba puli, gereji nyingi huona nafuu kubadilisha yote. Za klachi mbili nazo zinadai vifaa maalumu. Yako ni ya gia 6 za kawaida, na aina hiyo hutengenezwa na wenye ujuzi.

Iliyotumika ina mvuto wa bei na wa haraka. Hatari yake ni kwamba historia yake huijui. Inaweza kuwa na umri sawa na yako, kilomita sawa na zako, na oili ile ile "ya maisha" ambayo haijawahi kuguswa. Halafu si kila inayofanana ni yenyewe. Gari la jina lile lile likiwa na injini tofauti, au la kuendeshwa kwa magurudumu manne, linaweza kuwa na giaboksi yenye uwiano mwingine, kwa hiyo namba iliyo kwenye kibati chake ndiyo ya kulinganisha. Na waranti: wakikwambia mwezi au miezi mitatu, uliza kama inahusu giaboksi tu au pamoja na kazi ya kuishusha na kuipandisha tena. Wengi watakupa giaboksi nyingine na kukuachia bili ya kazi. Ukienda njia hii, sili za nje, filta na oili zibadilishwe ikiwa bado iko chini, kabla haijapanda.

Iliyokarabatiwa kiwandani ndiyo yenye bei inayokutisha, na ndiyo ambayo mara nyingi huja na waranti ndefu. Waranti hiyo huwa na masharti, kwa mfano kipoza oili kisafishwe au kibadilishwe na risiti iwepo, na wauzaji wengi hutaka giaboksi yako ya zamani irudishwe kwao. Kwa hiyo usiruhusu mtu aichukue yako kabla hujaamua. Hapo pia kuna dhana moja ningependa tuiguse. Unapima bei hiyo kwa kuilinganisha na thamani ya gari sokoni. Ni kipimo kimoja. Kingine ni kuuliza, kwa pesa hiyo pamoja na nitakayopata nikiliuza lilivyo, nitapata gari gani, nalo giaboksi yake nitaijua? Gari lako lina injini unayoijua tangu zamani, na hilo lina thamani ambayo soko halilioni. Kwa upande mwingine, ada ya mtoto ina tarehe na gari halina. Ukubwa wa mizani hiyo unaujua wewe, mimi siwezi kukupimia.

Kuhusu kuuza, wazo la mume wako si la kipuuzi lenyewe. Wapo mafundi wanaonunua magari yenye giaboksi mbovu na kuyatengeneza, na bei itashuka lakini utalala usingizi. Linalokukera ni ule mpango wa asubuhi, na mimi nakuunga mkono kukereka. Hata ukiacha dhamiri pembeni, haufichi kama anavyodhani: ukifuta namba za hitilafu, kompyuta ya gari inafuta pia kumbukumbu za majaribio yake ya ndani, na mnunuzi mwenye mashine yake ataona kwamba kuna mtu amefuta kitu karibuni. Mnunuzi asiye na mashine atarudi mlangoni kwenu.

Na hii ya nani ameua giaboksi. Wewe umefuata kitabu. Yeye naye hajakosea kwamba oili inazeeka: ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za otomatiki kwa watengenezaji wengi wa magari, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata pale kitabu cha gari kinaposema ni ya maisha. Kwa hiyo ukurasa uliomwonyesha upo, na hoja yake ipo. Asichothibitisha yeyote kati yenu ni kwamba oili ndiyo iliyoleta haya, maana hakuna aliyeiona. Najiuliza kama lawama hii inazungumzia oili kweli, au inazungumzia hofu yenu nyote wawili juu ya pesa ya ada. Labda mkae mlizungumze hilo la pili kwa jina lake, siku ambayo gari halimo kwenye mazungumzo.

Shemeji ndiye ugumu wa kweli, naona. Umechukulia kwamba ukimnyima kazi atanuna. Inawezekana. Lakini mtu anayejibu swali la ujuzi kwa mzaha wakati mwingine anaogopa kusema hajawahi, hasa mbele ya familia inayomwita fundi wetu. Ungemuuliza faraghani, mama mkwe asiwepo, ukampa nafasi ya kusema kweli bila aibu, ungesikia nini? Kuna gereji ambazo hukubali kupokea giaboksi iliyoshushwa na mtu mwingine, wakaifungua wao mezani, kisha aliyeishusha akaipandisha. Shemeji akipewa kushusha na kupandisha, anabaki ndani ya kazi, analipwa, na sehemu ya kitaalamu inakwenda kwa mwenye jedwali na vifaa. Njia hiyo nayo ina mtego wake: ikifa tena, huyu atamsingizia yule. Ingefaa mkae wote watatu, mkaandika nani anajibika kwa lipi. Na ukiamua kumpa yote, mlipe bei kamili ya kazi. Najua hajawahi kukutoza, na ndicho kinachonitia shaka hapa, kwa sababu kazi uliyopewa kama hisani huwezi kuidai irudiwe bila kuonekana huna shukrani. Ukimlipa, unaweza kumuuliza torki konvata iko wapi na kipoza oili kimesafishwa na nani, na hatakuwa na haki ya kununa.

Kuna jambo la haraka, maana yeyote utakayemchagua, gari lazima lihame hapo lilipo. Usikubali walivute kwa kamba, na usiliendeshe "taratibu tu" mpaka gereji. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha gari yanazunguka barabarani, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Ita bredauni ya kulibeba mgongoni, au angalau inayoinua magurudumu hayo yasiguse chini. Na simama pale uone wanavyolifunga, kwa sababu wengi huwa na haraka.